Pelagia na Ngwe ya Mwisho

Mfanyabiashara wa Mwanza alikuwa amepiga honi mpaka kunguru wa ufukwe wa Mwigobero wakahama. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria, ambapo mtu yeyote mwenye lori na sauti kubwa aliweza kuja Musoma, kusimama ufukweni na kununua dagaa bila kumwomba ruhusa mtu. Wanawake wa kikundi cha Pelagia walikuwa wameshafunga magunia yao. Alibaki Mama Jenoveva, mzee, ambaye dagaa wake walikuwa bado wametandazwa juani, naye akiwakusanya taratibu kama mtu anayeokota shanga.

"Mama mwenyekiti, mimi naondoka!" mfanyabiashara alisema.

"Ondoka, baba," Pelagia alimjibu. "Lakini utaondoka na lori tupu. Sisi tunauzaga pamoja."

Halafu akavua kandambili zake, akaenda upande wa pili wa mkeka wa Mama Jenoveva, akainama, na kuanza kukusanya dagaa akija upande wake. Mwenye lori alizima injini. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na kikapu changu nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeiona ile hali kabla, mahali pasipo na samaki wala ziwa, tulipokuwa wasichana.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Butiama, mwendo wa kuchosha kutoka barabara kuu ya Musoma kwenda Bunda. Mwaka wa themanini na nne sabuni ilikuwa imepotea madukani, tukawa tunafulia majani ya mipapai. Sukari ilipotea, uji ukanyweka kwa chumvi. Vitambaa vya sare vilipotea, sketi zetu zikaongezwa viraka vya kila rangi, mpaka siku ya ukaguzi tukafanana na shamba la mtu asiyejua anataka kupanda nini. Ugali ulikuwa wa mahindi ya njano yaliyokuja kwa msaada. Tuliuita Yanga, na hata washabiki wa Simba waliula.

Pelagia Masatu alitoka Majita, pwani ya ziwa, ambako baba yake alikuwa mvuvi mpaka nyavu zikaoza na nyuzi za kushonea zikakosekana. Hakuwa mrefu, hakuwa wa kwanza darasani, na kwenye kwaya alikuwa akisimama nyuma ili sauti yake isimharibie mtu. Alikuwa na tabia moja tu iliyomtofautisha. Mkitembea naye, baada ya hatua kadhaa angegeuka na kutazama nyuma.

"Pela, umeangusha nini?" tulikuwa tukimtania.

"Mtu," angejibu, na kweli, huko nyuma kungekuwa na mtu, amekaa anatoa mwiba.

Shule iliagizwa ijilishe. Mwalimu Leonardi, mwalimu wa kilimo, ndiye aliyepewa mzigo huo. Alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, mkali kwa sauti na mpole kwa macho, mwenye baiskeli isiyo na breki na viatu vya matairi vilivyotangulia kutangaza ujio wake. Alitugawa katika makundi, kila kundi na kiranja wake, akapima ardhi ngumu ya kilima kwa kamba na kumkatia kila msichana ngwe yake, ukanda mrefu wa kulima kabla ya mvua. Mtu akishindwa ngwe mara tatu, alirudishwa nyumbani akalete debe la unga na mzazi. Haikuwa sheria ya ukatili. Ghala lilikuwa linaonesha sakafu, na mwalimu alikuwa akiliona kila asubuhi.

Kundi letu liliundwa mwisho, kwa wale waliobaki baada ya viranja wengine kuchagua. Kulikuwa na Gati, ambaye mdomo wake ulilima zaidi ya jembe lake. Kulikuwa na Mbuke wa Bunda, mwenye nguvu za ng'ombe wa plau, aliyeachwa kwa sababu tu alikuwa amemjibu kiranja fulani. Kulikuwa na sisi watoto wa mjini Musoma ambao mikono yetu ilitoka malengelenge kwa kuona jembe tu. Na kulikuwa na Petronila. Marcelina, kiranja wa kundi lililosifika kuliko yote, alitupa jina siku hiyohiyo.

"Makapi," alisema. "Upepo ukija mtatuaga."

Mwalimu Leonardi alimwita Pelagia mbele akampa fimbo.

"Ya nini, mwalimu?"

"Ya kusimamia kundi."

"Na jembe langu atashika nani?"

"Kiranja halimi, Pelagia. Kiranja anaangalia."

"Basi nitaangalia nikilima."

Ile fimbo tuliichomeka nyuma ya bweni tukaitumia kuanikia nguo.

Sasa nimseme Petronila. Alikuwa kidato cha kwanza, mwembamba, ametoka kisiwani, na kifua chake kilikuwa na pumu iliyoimba kama mlango wa zamani. Vumbi lilimfunga. Wazazi wake walikuwa wamefariki, alilelewa na mjomba. Siku moja, tukichambua wadudu kwenye maharage ya jikoni, Gati alimwambia kwa utani kwamba kwa ulimaji wake angerudishwa nyumbani na kwenda kula samaki wabichi huku sisi tukiteseka na Yanga.

Petronila hakucheka. "Mjomba alishaniambia," alisema. "Ukirudi kabla shule haijafungwa, usifungue sanduku. Umerudi moja kwa moja. Mke wake ana mapacha, anatafuta wa kuwabeba."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye sufuria. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alijua: Petronila akikosa ngwe mara tatu, atakwenda nyumbani, na hatarudi.

Wiki hiyo alikosa mara ya kwanza.

Mara ya pili Pelagia aliamua kuizuia, na hapo ndipo alipokosea. Kulipopambazuka, kabla ya kengele ya kuamka, aliteremka shambani peke yake akaimaliza ngwe ya Petronila, nusu yote iliyobaki, kimya, bila kumwambia mtu. Aliporudi alinawa miguu na kujilaza kama hakuna kilichotokea. Tulipopanga mstari asubuhi, Mwalimu Leonardi alipita akikagua. Alifika kwenye ngwe ya Petronila, akasimama.

Ilikuwa imekwisha vizuri. Lakini kichwani mwa ngwe, pale mwisho wake, magugu yaliyong'olewa yalikuwa yamelazwa kwa mpangilio, mizizi yote ikitazama juu. Kwao Pelagia ndivyo mwanamke anavyofunga kazi yake, ili jua liimalizie mizizi na jirani ajue kwamba hapa mtu amemaliza. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma, na mkono wake uliifanya bila kumuuliza. Hakuna mwingine shuleni aliyekuwa akilaza magugu namna ile. Mwalimu alitembea hadi ngwe ya Pelagia, akatazama magugu ya huko, akarudi.

"Majani haya yana mwenyewe," alisema, "na mwenyewe si Petronila. Hii ni ya pili."

Tulidhani Petronila angelia. Badala yake alimfuata Pelagia mpaka kisimani, akasimama mbele yake, ndoo mkononi, kifua kikipiga filimbi.

"Dada Pela, nilikuombaga?"

"Hapana."

"Jana walikuwa wanadhani siwezi. Leo wanajua. Wewe ndiye umewaambia."

Pelagia aliweka ndoo chini. Alikuwa mkubwa kwake kwa vidato viwili na alikuwa kiranja, angeweza kumkemea. Alitazama maji yakitulia.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema hatimaye. "Kwetu shamba linalolimwa bila mwenyewe ni la marehemu. Nimekulimia kama umekufa."

Halafu akamuuliza swali ambalo, sisi wote tuliomhurumia Petronila kwa wiki nzima, hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Ukilima, inakuwaje?"

"Nalima mpaka kifua kinafunga. Nakaa. Kikifunguka nalima tena."

"Kinafungukaga kila mara?"

"Kila mara. Ila wenzangu wanakuwa wamemaliza, wamekaa kwenye kivuli wananitazama. Nikitazamwa kinafunga zaidi."

Pelagia alimtwisha ndoo yake, akabaki amesimama pale. Nilipita karibu yake. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali, labda Majita, labda majembe ya majirani wa mama yake.

Jioni aliniomba nimsindikize kwa Mwalimu Leonardi. Tulimkuta ameipindua baiskeli, anafunga kiraka kwenye mpira wake uliokuwa tayari viraka vitupu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kama ni habari za Petronila, nimeshasema."

"Ni habari za kundi, mwalimu. Naomba usitukatie ngwe mtu na mtu. Tupe kipande chetu chote, kamba huku na kamba kule, tugawane wenyewe. Jumamosi kengele ya saa sita ikilia, uje ukague kipande. Usikague mtu."

"Na kisipokwisha?"

"Mtu mmoja aende nyumbani akalete debe."

"Petronila."

"Kiranja."

Mwalimu aliinua kichwa. "Wewe hujawahi kukosa ngwe tangu ufike shule hii."

"Ndiyo maana, mwalimu. Mimi kwetu nikirudi watanicheka tu, halafu watanitafutia debe. Petronila akirudi kwao hakuna atakayecheka."

Mwalimu alizungusha gurudumu, likalia. "Siasa za Majita hizi."

"Si siasa, mwalimu. Ni risaga. Hata Bunda mnalimaga hivyo."

Risaga ni kazi ya majirani. Karibu kila kabila la Mara lina namna yake ya kuifanya: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba hupika. Niliona neno lile likimwingia mwalimu mahali ambapo vitabu vya kilimo havikufika.

"Tunalima," alikubali. "Lakini risaga ina pombe."

"Yetu ina Yanga."

Alicheka bila kutaka kucheka, na tukajua amekubali.

Asubuhi iliyofuata Pelagia alitupanga juu ya kipande chetu. Alisema kila mtu achague upana wa ngwe anaouweza. Mbuke alichukua pana, akalalamika kwa majivuno kwamba sisi wengine ni mizigo. Mimi nilichukua nyembamba bila aibu. Petronila alichukua ya kawaida, sawa na Gati.

"Punguza," Gati alimnong'oneza. "Usituue."

"Amechagua," Pelagia alisema. "Sasa sikilizeni. Ukimaliza hukai kwenye kivuli. Unazunguka unaenda ng'ambo, unatafuta aliye nyuma kuliko wote, unaanza kulima kutoka kule ukija kwake. Kila aliye nyuma anapokewa na mtu mmoja tu. Mnakutana katikati. Hiyo ndiyo kumpokea."

"Si tuingie tu hapo alipo, tumalize mara moja?" aliuliza Mbuke.

"Ukiingia ngwe ya mtu kwa nyuma umemwambia ondoka. Ukimtokea kwa mbele umemwambia njoo."

"Hata kwetu ndivyo," alisema Gati kwa kushangaa, kama mtu aliyekuta kikombe cha nyumbani kwao katika nyumba ya wageni. "Bibi yangu alikuwaga mkali sana kwa hilo. Ukimwingilia nyuma anakurushia jembe."

Tukalima. Ardhi ilikuwa ngumu kama kinyongo. Lakini kitu kilikuwa kimebadilika, na nilichelewa kukitambua. Zamani tulikuwa tukilima tukiwakimbia wenzetu, na sasa kila aliyemaliza alikuwa akirudi. Nikiwa nimeinama, mgongo ukiwaka moto, nilisikia jembe la Mbuke likija kutoka mbele, kishindo baada ya kishindo, na ingawa lilikuwa mbali mikono yangu ilipata haraka yake yenyewe. Nyimbo zilianza bila kuamriwa. Gati alitunga moja kuhusu Marcelina ambayo siwezi kuiandika hapa.

Petronila alikuwa wa mwisho kila siku. Alilima, akakaa, akalima. Hakuna aliyemtazama, kwa sababu wote tulikuwa na kazi. Na kila siku, ng'ambo ya ngwe yake, alikuwepo Pelagia, akija.

Siku za kwanza tulimaliza sehemu zetu. Ijumaa upepo ukaibuka kutoka upande wa tambarare, ukaleta vumbi jekundu, na kifua cha Petronila kikafunga kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hivyo Jumamosi, jua lilipokaribia utosini, kipande chote kilikuwa kimegeuzwa isipokuwa ngwe moja, na katika ngwe hiyo sehemu ndogo kati ya Petronila na Pelagia, ambayo ungeweza kuifunika kwa mikeka michache. Makundi mengine yalikuwa yamemaliza, yamekuja kutazama. Mwalimu Leonardi alisimama na mikono nyuma.

Petronila alikuwa amepiga magoti, anavuta pumzi. Kila mmoja wetu aliitazama ile sehemu. Mbuke peke yake angeimaliza huku anapiga mluzi.

Gati hakuweza kuvumilia. Alinyanyua jembe akakimbia kuelekea nyuma ya Petronila.

"Gati. Rudi."

"Utafukuzwa, Pela!"

"Nitatumwa nyumbani. Kufukuzwa ni neno jingine. Rudi."

Gati alirudi analia kwa hasira. Petronila aliinuka. Alipiga jembe, akapiga tena. Pelagia alipiga upande wake, bila kuongeza kasi na bila kupunguza, akimtazama usoni kama mtu anayezungumza na mgeni mlangoni. Walikuwa wamekaribiana kiasi cha kurushiana udongo miguuni kengele ilipolia.

"Kengele!" alipiga kelele Marcelina. "Kengele hiyo! Makapi yamepeperuka!"

Petronila hakusimama. Sijui kama aliisikia. Alipiga jembe lake, na la Pelagia likajibu, mpaka vyuma viwili vikagongana juu ya donge la mwisho, vikatoa mlio mdogo. Halafu Petronila akainama, akakusanya magugu yake, akayalaza pale walipokutana. Mizizi ikatazama juu.

Watu wote walimtazama mwalimu. Yeye alitazama shamba.

"Kipande kimekwisha," alisema.

"Baada ya kengele, mwalimu!" alisema Marcelina, na kwa haki alikuwa anasema kweli.

Mwalimu Leonardi alitazama mbinguni kama anatafuta wingu la kulaumu. Nadhani alikuwa tayari kusema kengele ya siku ile iliwahi. Nadhani angeisema na kesho yake hakuna kundi ambalo lingemwamini tena. Pelagia alimwokoa.

"Ni baada ya kengele, mwalimu," alisema, akipangusa jembe. "Kesho nitakwenda."

Aliondoka baada ya misa, na kifurushi kidogo. Alitukataza kumsindikiza. Alipofika kwenye kona ya mikonge aligeuka, akatutazama mmoja mmoja kama kawaida yake, akapotea.

Sitasema kundi lilibaki na umoja. Gati hakumsemesha Petronila, na akihitaji chumvi mezani alimwomba Mbuke aliyekaa mbali zaidi. Mara moja nilimsikia akimwambia huku amempa mgongo, "Ungechukua ngwe nyembamba kama wenzako." Petronila alijibu, "Ndiyo." Usiku kifua chake kilipiga filimbi bwenini na hakuna aliyelala vizuri.

Jumatatu tulirudi shambani bila kiranja. Mwalimu hakuteua mwingine, na sisi hatukumkumbusha. Tulichagua ngwe zetu. Petronila alichukua ya kawaida, ileile, na niliona Gati akiuma midomo. Mbuke alimaliza, akazunguka kunipokea mimi. Gati alimaliza, akatupa jembe, akaenda kivulini na kukaa. Tulimwona, tukaendelea kulima. Alikaa hapo akichora ardhi kwa kijiti. Halafu alisimama, akatukana kwa kikwao, akaokota jembe, na akaenda kwa hatua nzito mpaka ng'ambo ya ngwe ya Petronila. Walipokutana katikati alisema, "Na magugu laza vizuri, watu wasiseme tunalima kama wa mjini." Huo ukawa msamaha wake.

Lakini Pelagia hakurudi. Wiki ilipita, nyingine ikaingia. Mwalimu Leonardi alikuwa akipita karibu na bweni letu bila sababu. "Bado?" angeuliza. "Bado, mwalimu." Habari zilizotufikia hazikuwa nzuri: Majita jua lilikuwa limekula mihogo, na mzee Masatu alikuwa amekwenda visiwani kuvua kwa nyavu za kuazima. Unga haukuwepo na mzazi hakuwepo, na sheria ilitaka vyote viwili. Pelagia alikuwa amepiga hesabu kwamba kwao wangecheka tu na kumtafutia debe. Sasa tulianza kuogopa kwamba hesabu yake ilikuwa na kosa. Petronila aliacha kumaliza ugali wake, na Gati akawa anammalizisha kwa vitisho.

Ijumaa moja tingo wa lori la samaki, aliyeleta mzigo Butiama, alipita shuleni kuomba maji ya rejeta. Alituambia amemwacha Musoma msichana wa shule mwenye debe, yuko na mzee mmoja mwenye mguu mbovu, wanatafuta usafiri. Lori lingewachukua kesho na kuwashusha njia panda, kwani dizeli ya kupandisha tena kilimani haikuwepo.

Tulikwenda kwa Mwalimu Leonardi wote. Petronila ndiye aliyetangulia.

"Mwalimu, tunaomba ruhusa kesho twende njia panda."

"Mkafanye nini?"

"Kumpokea."

Mwalimu alitutazama, halafu akasukuma baiskeli yake kuelekea kwetu. "Ya kubebea debe. Haina breki. Nitakayemsikia ameipanda mteremkoni, ngwe mbili."

Tuliteremka asubuhi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha kidogo usiku na ardhi ilinuka kama chungu kipya. Tulianza pamoja, lakini barabara ina tabia ya kuwapanga watu, na baada ya muda Mbuke alikuwa mbele na baiskeli, sisi katikati, na Petronila nyuma kabisa, akikaa juu ya jiwe, akiinuka, akikaa. Tulimwambia tutamngoja, akatukatalia kwa mkono.

Tuliwaona baada ya kona ya pili. Pelagia alikuwa amejitwika debe la unga wa udaga, ile mihogo ya kuvundika, na nyuma yake mzee Masatu, aliyekuwa amerudi kutoka visiwani, akichechemea na kifurushi cha samaki wakavu, amevaa koti ambalo bila shaka lilikuwa la kanisani. Gati alikimbia akipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Tulimvua debe, tukamshika mikono, tukamuuliza maswali yote kwa mara moja. Alikuwa amekonda. Alicheka, na akicheka macho yake yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyetu, yakihesabu.

Halafu alituacha pale, akaanza kupanda barabara.

"Huyu anakwenda wapi tena?" aliuliza mzee Masatu. "Si mmeshampokea?"

"Bado mmoja, baba," alisema Mbuke.

Petronila alikuwa amejitokeza kwenye kona, juu yetu, mdogo ndani ya sketi ya viraka. Alipoona Pelagia anamjia, alisimama na kuinua mkono.

"Simama hapohapo!" aliita, na maneno yakamtoka vipande vipande. "Usije, dada Pela. Leo napokea mimi."

Pelagia alisimama. Sijui kama alikuwa amewahi kusimama namna ile tangu azaliwe, katikati ya barabara, bila jembe, bila mzigo, bila mtu wa kumfuata nyuma. Mikono yake haikujua pa kwenda. Aliishika pamoja, akaiachia, akaishika tena. Mzee Masatu alivua kofia bila kujua kwa nini.

Petronila alitembea. Alisimama kuvuta pumzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Kisha akaendelea kuteremka, polepole, akija.